Masjala Isiyo na Karani

Katika utaratibu wa zamani wa ofisi za serikali za Afrika Mashariki, barua haikumfikia mkubwa wa ofisi moja kwa moja. Tarishi aliileta, karani wa masjala akaifungua, akaipiga muhuri wa tarehe, akaiandika katika daftari la barua zinazoingia, akaitafutia jalada lake, akaitoboa na kuifunga ndani ya jalada hilo kwa namba ya folio inayofuata. Ndipo jalada lilipopelekwa mezani kwa mhusika, likiwa na barua zote zilizotangulia juu ya jambo lile lile, pamoja na dokezo la kila afisa aliyewahi kutoa shauri. Mhusika alipomaliza, jalada lilirudi masjala. Na kama jambo lilihitaji kuangaliwa tena baada ya mwezi, karani aliiandika tarehe hiyo katika shajara yake, na siku ilipotimu alilitoa jalada na kulipeleka bila ya kukumbushwa na mtu.

Utaratibu huo haujafa, na katika ofisi kadhaa umehamishiwa ndani ya kompyuta. Lakini nje ya mlango wa masjala mambo yamebadilika kabisa. Mwalimu, mkulima mwenye duka la pembejeo, muuguzi, mweka hazina wa chama cha akiba, kila mmoja wao sasa anabeba mfukoni chombo kinachopokea barua, picha, risiti, matangazo ya misiba, sauti zilizorekodiwa na nyaraka za kurasa mia, na vyote huingia kwa mlango mmoja na kwa mlio ule ule. Mtu huyo ndiye tarishi, ndiye karani, na ndiye afisa mhusika. Kazi tatu zilizokuwa na watu watatu zimemwangukia mmoja, tena asiyepata hata siku moja ya mafunzo ya masjala.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini kazi hiyo humshinda mtu hata awe na bidii namna gani, wataalamu wamegundua nini juu ya mipaka ya akili na juu ya ufundi wa kupanga vitu, na ni taratibu zipi zinazomfaa mtu anayeandika na kutafuta mambo yake kwa Kiswahili.

Malalamiko yasiyo mapya

Asidhani msomaji kuwa wingi wa habari ni balaa lililoletwa na simu. Mwaka 1545 Konrad Gessner, tabibu na mwanazuoni wa Zürich, alichapisha orodha ya maelfu ya vitabu vya Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, kwa kuwa wasomi wa wakati wake walikwisha kuanza kuelemewa na kazi za mitambo ya uchapaji. Gessner alieleza pia namna ya kuandika mambo kwenye karatasi, kuzikata vipande vipande, na kuvipanga upya kwa kadiri ya haja. Miaka 400 kamili baadaye, katika Julai 1945, mhandisi wa Kimarekani Vannevar Bush alipendekeza meza yenye filamu ndogo ndogo ambamo mtu angehifadhi vitabu na barua zake zote na kuziunganisha kwa njia alizozichora mwenyewe. Meza hiyo haikujengwa, ila fikra yake iliwaongoza wengi waliobuni kompyuta tunazotumia.

Aliyeligusa kiini cha tatizo ni Herbert Simon, ambaye mwaka 1978 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Katika insha yake ya 1971 alitoa hoja nyepesi: habari hula kitu, na kitu inachokila ni umakini wa yule anayeipokea; kwa hiyo penye habari nyingi lazima umakini uwe haba. Mwaka huo huo wa 1971 mhandisi Ray Tomlinson alituma barua ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa kupitia mtandao. Hawakuwa wakishirikiana, lakini mmoja alikuwa ameeleza ugonjwa ambao chombo cha mwenzake kingekuja kuueneza.

Hebu tupige hesabu ndogo. Zamani kuandika barua kulimgharimu mwandishi karatasi, stempu na safari ya posta, na gharama hiyo ilimfanya afikiri kabla ya kuandika. Leo mtu mmoja huweza kutuma picha ya maua yenye maneno “Habari za asubuhi” katika kundi la watu 200 kwa kugusa kioo mara mbili. Ikiwa kila mmoja atatumia sekunde tano tu kuitazama, kundi limepoteza sekunde 1,000, yaani zaidi ya dakika 16 za kazi, ilhali mtumaji hakupoteza chochote. Sisemi kuwa salamu ni upuuzi. Katika jamii zetu mtu asiyesalimia hana adabu. Nasema kuwa gharama ya kutuma imeshuka karibu na sifuri, na gharama ya kusoma imebaki pale pale, kwa sababu ubongo haukubadilika.

Kiganja cha akili

Ubongo una sehemu ya kazi ambayo yaweza kulinganishwa na kiganja: hushika vichache kwa wakati mmoja, na ukiongeza kingine, kimojawapo huanguka. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alikadiria kuwa kiganja hicho hushika mambo yapata saba. Uchunguzi wa baadaye, hasa wa Nelson Cowan mwaka 2001, umepunguza idadi hiyo hadi manne hivi, pale mtu anapozuiwa kuyaunganisha mambo katika mafungu. Mafungu ndiyo siri ya mtu kuweza kukumbuka namba ya simu yenye tarakimu kumi: haikumbuki kama tarakimu kumi bali kama mafungu matatu, na fungu la kwanza huwa tayari analijua kwa kuwa ni la kampuni ya simu.

Kiganja hicho kina udhaifu mwingine. Mtu anayeacha kazi moja nusu na kushika nyingine hahami mzima mzima; sehemu ya fikra zake hubaki katika kazi ya kwanza. Sophie Leroy, katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 2009, alionyesha kuwa watu waliokatizwa kazi ya kwanza kabla ya kuifikisha mwisho waliifanya ya pili vibaya zaidi. Kwa hiyo mwalimu anayesahihisha madaftari huku akijibu ujumbe kila unapolia, hapotezi zile sekunde za kujibu tu. Hupoteza pia muda wa kurudi, ambao hauonekani katika saa yoyote.

Na mambo yaliyobaki nusu humsumbua mtu hata asipoyashika. Jina linalotajwa mara nyingi hapa ni la Bluma Zeigarnik, aliyefanya uchunguzi wake Berlin na kuuchapisha mwaka 1927. Alisema kuwa kazi zisizokamilika hukumbukwa kuliko zilizokamilika. Haki ya sayansi hutaka niongeze kuwa waliorudia majaribio yake hawakupata matokeo yale yale kila mara, na baadhi ya vitabu vya kujiendeleza humtaja kana kwamba alishusha sheria. Jambo lenye manufaa zaidi kwetu lilichapishwa mwaka 2011 na E. J. Masicampo na Roy Baumeister. Waliona kuwa shabaha isiyotimizwa huingilia kazi nyingine. Lakini mtu akishaiandalia mpango mahususi, wa lini, wapi na kwa njia gani, usumbufu hutoweka ingawa kazi yenyewe bado haijafanywa. Akili hukubali kuutua mzigo ikiwa imehakikishiwa kuwa kuna mahali ulipoandikwa na siku utakayoinuliwa.

Kumbe ndiyo kazi iliyofanywa na shajara ya karani. Afisa alilala usingizi kwa sababu alijua tarehe 15 jalada litaletwa.

Hapa ndipo orodha nyingi za “mambo ya kufanya” zinapokosea. Mtu huandika “mkutano wa wazazi”, “bima”, “paa la jikoni”, na orodha ikifika mambo sitini huacha kuifungua kwa sababu inamtia hofu. Maneno hayo si mipango. Ni majina ya wasiwasi. “Jumanne saa mbili asubuhi, kumpigia fundi na kumwuliza bei ya mabati ishirini” ni mpango. Tofauti ni ya sentensi moja, na kwa kadiri ya majaribio yale, hiyo sentensi moja ndiyo inayotuliza.

Rundo si uvivu

Nilipokuwa ughaibuni nikisomea shahada ya udaktari, profesa aliyenisimamia alikuwa na meza ambayo mbao zake sikupata kuziona kwa miaka minne. Karatasi zilirundikana hadi usawa wa kidevu. Lakini ukimwuliza jambo, aliingiza mkono katika rundo, wala si juu wala si chini, akaitoa karatasi iliyotakiwa. Sisi tuliotoka katika shule ambazo unadhifu wa dawati ulipewa alama tulilichukulia jambo hilo kuwa kioja.

Si kioja. Mwaka 1983 Thomas Malone alichapisha uchunguzi wa namna watumishi wa ofisi wanavyopanga meza zao, akatofautisha majalada na marundo. Alieleza kuwa rundo lina kazi ambayo jalada kabatini halina: humkumbusha mtu kwa kuonekana. Tena kulipa jambo jina na kuliamulia mahali ni kazi ngumu ya akili, na mara nyingi mtu hulirundika kwa sababu bado hajajua ni la namna gani.

Hisabati nayo imelitetea rundo kwa namna ya ajabu. Fikiri una rafu yenye majalada, na kila unapotafuta unaanza kushoto ukienda kulia. Uyapange vipi ili kupunguza jasho? Ungejua mapema utakayoyahitaji kila siku, ungeweza kuupata mpangilio bora, lakini hujui. Mwaka 1985 Daniel Sleator na Robert Tarjan walithibitisha kuwa kanuni moja nyepesi, ya kulirudisha kila jalada lililotumika kwenye ncha ya kushoto, haiwezi kugharimu zaidi ya takriban mara mbili ya gharama ya mpangaji hodari anayeyajua yote yajayo. Rundo la karatasi ni rafu hiyo hiyo iliyosimamishwa wima: uliyoitumia hurudi juu.

Kompyuta zenyewe hufanya vivyo hivyo. László Bélády wa kampuni ya IBM alionyesha mwaka 1966 kuwa kumbukumbu ndogo ya haraka inapojaa, kitu bora cha kuondoa ni kile kitakachohitajika mbali zaidi katika siku zijazo. Kwa kuwa mashine haijui yajayo, huyakadiria kwa yaliyopita: huondoa kilichokaa muda mrefu zaidi bila ya kuguswa. Na huko Japani mwanauchumi Noguchi Yukio alieneza mwaka 1993, katika kitabu kilichosomwa na watu wengi mno, utaratibu wa bahasha kubwa zilizosimamishwa rafuni, kila moja ikiwa na jina na tarehe ukingoni. Mpya huwekwa kushoto. Iliyotumika hurudi kushoto. Baada ya muda zile zisizoguswa husukumwa zenyewe hadi mwisho wa kulia, na hapo mwenyewe huamua atupe au apeleke ghalani.

Je, basi tuache kupanga barua pepe katika folda? Kwa barua, jibu laelekea kuwa ndiyo. Steve Whittaker na wenzake walifuatilia watumiaji zaidi ya 300 na kutoa matokeo mwaka 2011: waliojitaabisha kuunda folda nyingi hawakuwa mahiri zaidi katika kuzipata barua zao kuliko waliotumia chombo cha kutafutia. Kwa nyaraka ambazo mtu ameziandika mwenyewe hali ni tofauti kidogo; Ofer Bergman na wenzake huko Israeli wameona kuwa huko watu hupendelea kufuata njia ya folda wanayoijua, kama mtu aendaye kisimani gizani. Maoni yangu ni kuwa folda chache, kumi au pungufu, zinatosha watu wengi, na kila folda ipewe jina la kazi inayoendelea, si la aina ya karatasi. “Ujenzi wa choo cha shule” ni jina zuri. “Nyaraka mbalimbali” ni shimo.

Mwanzo wa neno

Chombo cha kutafutia kina sharti moja: lazima ukumbuke neno. Na hapa wasemaji wa Kiswahili tuna shida ambayo waliobuni vyombo hivyo hawakuifikiria sana. Kiingereza hubadili neno mwishoni. Mtafutaji anayeandika herufi za mwanzo huupata umoja na wingi kwa pamoja, na programu nyingi zimejengwa kwa mazoea hayo. Kiswahili hubadili neno mwanzoni. Anayetafuta “kisima” hapati ujumbe unaosema “visima vimechimbwa”. Anayetafuta “mwalimu” hapati “walimu”. Vitenzi ndivyo vibaya zaidi: “nimelipa”, “hajalipa”, “walilipwa”, “yatakayolipiwa”, yote ni kitenzi kimoja, lakini mzizi umejificha katikati ya neno, na programu inayolinganisha herufi kuanzia mwanzo wa neno haitauona.

Msomaji anaweza kulijaribu jambo hili katika simu yake sasa hivi. Kamusi zetu zililitatua kitambo: Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 huorodhesha vitenzi kwa shina, si kwa viambishi, na kila mwanafunzi hufunzwa kufuta viambishi kabla ya kufungua ukurasa. Programu zinazotumia akili unde zimeanza kutafuta kwa maana badala ya herufi, na kwa Kiswahili zinaendelea kuboreka. Hata hivyo si kila simu inazo, na zilizopo hutegemea mtandao ambao vijijini haupatikani kila saa.

Dawa isiyohitaji mtandao ni kuchagua umbo moja la neno na kutoliacha. Nyaraka zote za fedha zianze kwa “malipo”, kamwe zisiwe leo “kulipa” kesho “tulivyolipa”. Vitu viitwe kwa umoja: “kisima”, hata kama vilivyochimbwa ni vinne. Na picha ya risiti, ambayo mashine imeipa jina la tarakimu zisizo na maana, ipewe maneno mara tu inapopigwa, kwa kuwa baada ya wiki mbili hakuna atakayejua ni risiti ya nini.

Tarehe iandikwe kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2025-03-14. Huo ndio utaratibu wa kimataifa uliowekwa mwaka 1988 kwa jina la ISO 8601, na sababu yake ni ya kivitendo. Kompyuta hupanga majina kwa kusoma tarakimu kutoka kushoto. Ukiandika 14-03-2025, waraka wa Machi 14 utakaa karibu na wa Novemba 14 wa mwaka mwingine. Ukianza na mwaka, majina hujipanga yenyewe kwa mfuatano wa wakati, na bila ya kugharamia chochote umepata daftari la barua zinazoingia.

Jambo la wengi katika simu ya mmoja

Mpaka hapa tumezungumza juu ya mtu na mambo yake. Lakini rundo lina kasoro moja ambayo hisabati ya Sleator na Tarjan haikuihesabu: analifahamu mwenyewe tu. Profesa wangu alipokwenda likizo, hakuna aliyethubutu kugusa meza ile.

Tuchukue mfano wa zahanati. Chanjo nyingi hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi, na joto la jokofu husomwa asubuhi na jioni. Tuseme muuguzi ameacha kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pa jokofu, badala yake hupiga picha ya kipimajoto na kuituma katika kundi la WhatsApp la watumishi. Kila mtu ameridhika, picha haidanganyi. Usiku mmoja jokofu linaharibika na kupoa hadi chini ya sifuri. Asubuhi muuguzi wa zamu anatuma picha kama kawaida. Kabla ya saa nne zinafuata salamu za rambirambi, orodha ya michango ya harusi, na tangazo la semina. Mganga mfawidhi, aliye safarini, anafungua simu jioni na kuona ujumbe tisini.

Kibandiko kilicho juu ya chupa za chanjo hubadilika rangi kwa joto lililozidi, lakini hakionyeshi kuganda. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, na ile iliyochanganywa ya dondakoo, pepopunda na kifaduro, huharibiwa kwa kuganda, na zikiyeyuka huenda zisionyeshe dalili kwa mtazamaji wa haraka. Mtoto atachomwa sindano, mama ataandikiwa kadi, na kinga haitakuwepo. Habari ilikuwepo, ilitumwa kwa wakati, na watu ishirini waliipokea. Kilichokosekana ni mahali pamoja panapojulikana, na mtu mmoja ambaye ni kazi yake kupaangalia.

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, Namba 3 ya mwaka 2002, na sheria hiyo haikuzifungia kumbukumbu za umma katika karatasi peke yake. Uamuzi uliofikiwa na kamati kwa njia ya simu ni kumbukumbu sawasawa na ulioandikwa katika muhtasari. Ila simu ni ya mtu. Katibu akihamishwa, akibadili namba, au simu ikitumbukia mtoni, muhtasari umekwenda naye. Watunzaji wa data hushauri nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikikaa mahali pengine kabisa. Shauri hilo lawezekana hata kwa chama kidogo chenye daftari moja, kompyuta moja ya shule na diski ndogo iliyofungiwa nyumbani kwa mweka hazina.

Kundi linaloendesha jambo la watu, liwe la maji, la ujenzi wa darasa au la akiba na mikopo, lafaa kumteua mmoja wao awe karani. Siku moja ya wiki, tuseme Ijumaa, apitie mazungumzo yote, ayatoe maamuzi, malipo na ahadi, ayahamishie katika jalada kwa tarehe na kwa majina yaliyokubaliwa, na aandike katika shajara siku ambayo kila ahadi itaulizwa. Rambirambi na maua ya asubuhi ayaache yalipo. Makarani wa masjala waliostaafu wapo katika kila mji wa wilaya, na wengi wao wangeweza kuifundisha kazi hii kwa siku moja, kwa kalamu na daftari lenye mistari.